Al-Jahiz na Mtoto wa Twiga

Muhula uliopita, tulipofika mlango wa vyakula katika somo la fiqhi, tulikutana na twiga. Imam an-Nawawi anasema katika al-Majmu' kwamba ni haramu, bila khilafu ndani ya madhehebu ya Shafi'i. Lakini wanazuoni wa madhehebu hayo hayo waliokuja baada yake, akiwemo Taqiyyuddin as-Subki, waliona ni halali, na kwa Mahanbali pia analiwa. Tulipouliza khilafu hii imetoka wapi, mwalimu alieleza kuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa na waliokataza ni kwamba twiga ni mnyama wa mchanganyiko: amezaliwa kati ya anayeliwa na asiyeliwa, mfano wa baghala anayezaliwa na punda na farasi. Na kanuni ya Mashafi'i ni kuwa mtoto wa namna hiyo hufuata upande wa haramu.

Mwenzetu mmoja aliyekulia upande wa Kidepo alicheka darasa zima likageuka. Twiga anazaa twiga, alisema, yeye amewaona na watoto wao tangu utotoni, huo mchanganyiko unaingilia wapi?

Bila shaka hakuna kati yetu anayepanga kula twiga, na sheria ya nchi ingemfunga kabla mufti hajaulizwa. Lakini swali lilinikaa. Hukumu ya halali na haramu ilikuwa imesimama juu ya swali jingine lililo chini yake: mnyama ni aina moja kwa sababu gani? Kwa umbo lake? Kwa jina lake? Kwa wazazi wake? Nilipoingia maktaba kutafuta, nikakuta kuwa hoja ya kijana wa Kidepo ilishatolewa Basra zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, na mtu mmoja ambaye watu walimwita kwa ubaya wa macho yake.

Jina lake ni Abu Uthman Amr bin Bahr al-Kinani. Al-Jahiz ni lakabu, maana yake ni mwenye macho yaliyotokeza nje. Alizaliwa Basra karibu mwaka 160 Hijria, yaani 776. Ukoo wake ulikuwa wa mawali, watu walioungana na kabila la Kiarabu la Banu Kinana bila kuwa damu yao, na wanahistoria wanasema babu yake alikuwa mtu mweusi aliyechunga ngamia. Nyumbani hapakuwa na kitu. Alionekana akiuza mikate na samaki kando ya mfereji wa Sayhan huku akitafuta elimu.

Kuna kisa kinachosimuliwa juu ya mama yake, na mwanafunzi yeyote aliyewahi kupigiwa simu kutoka nyumbani kuulizwa ataanza kazi lini atakielewa. Siku moja aliomba chakula, mama akamletea sinia limejaa madaftari, akamwambia kuwa hicho ndicho anachokichuma. Akatoka kwa huzuni mpaka msikitini, tajiri mmoja akamwona, akajua habari yake, akampa dinari. Aliponunua unga na vitu vingine akarudi navyo, mama alishangaa vimetoka wapi. Akamjibu kuwa vimetoka kwenye yale madaftari.

Alisoma lugha kwa vigogo wa zama zake, al-Asma'i, Abu Ubayda na Abu Zayd al-Ansari, na alisoma ilmu ya kalamu kwa Ibrahim an-Nazzam. Lakini madrasa yake nyingine ilikuwa al-Mirbad, soko la nje ya mji ambako Mabedui walileta ngamia wao na mashairi yao. Jioni alikodi maduka ya wauza vitabu akalala humo ili asome mpaka asubuhi. Na Basra yenyewe ilikuwa kitabu. Bandarini kwake zilifika jahazi za India na za pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, zikileta watu, wanyama na habari za ajabu. Kijana mwenye kupenda kuuliza hakukosa wa kumuuliza.

Niseme wazi, maana najua wasomaji wa jarida hili: al-Jahiz alikuwa Mu'tazila. Waliomlea na kumpa fedha, waziri Ibn az-Zayyat na kadhi Ahmad bin Abi Du'ad, ni watu wale wale wa mihna, mtihani ambao ndani yake Imam Ahmad bin Hanbal alipigwa mijeledi. Ibn Qutayba alimshambulia vikali, akasema ni mtu anayeweza kutetea jambo na kinyume chake, na kuchanganya mambo mazito na mizaha. Lawama hii ina ukweli ndani yake. Mimi simleti hapa kama mwalimu wa akida. Namleta kwa sababu ya kitabu chake cha wanyama, Kitab al-Hayawan, ambacho wanazuoni wa Ahlu Sunna waliomfuata walikisoma na kunakili kutoka kwake.

Kitabu hicho, kilichochapishwa Cairo katika juzuu saba kwa uhariri wa Abdus-Salam Harun, alikiandika akiwa mgonjwa, na ndani yake anamwomba msomaji radhi kwa hilo. Hakikupangwa vizuri. Unasoma habari za mbwa na jogoo, ghafla umo ndani ya shairi, kisha mjadala wa kalamu, kisha kichekesho, kisha mbwa tena. Mwanzoni nilichoka. Baadaye nilizoea, kama unavyozoea babu anayesimulia bila kufuata njia iliyonyooka.

Mwanzoni mwa kitabu anagawa wanyama mafungu manne: wanaotembea, wanaoruka, wanaoogelea na wanaotambaa. Mgawanyo mwepesi, mtoto wa chuoni angeutoa. Lakini hapo hapo anaanza kuutoboa mwenyewe. Ndege wote wanatembea pia, je, wamo katika fungu la kwanza? Nzi, nyigu na nzige wanaruka kwa mbawa na hakuna anayewaita ndege. Popo hana unyoya hata mmoja lakini anaruka vizuri kuliko kuku, na mbuni ana manyoya na hawezi kuruka kabisa. Malaika wana mbawa na si ndege. Na Ja'far bin Abi Talib (R.A.), shahidi wa Mu'ta, tumepokea kuwa anaruka Peponi kwa mbawa mbili, naye hakuacha kuwa mwanadamu. Vivyo hivyo majini: kasa, chura, kaa, mamba na pomboo wote wanaogelea, na si samaki.

Nilipofika kwa Ja'far (R.A.) nilicheka, kisha nikaona mzaha ule umebeba hoja. Kitendo kimoja au kiungo kimoja hakitoshi kumweka kiumbe katika aina yake. Ukishika alama moja tu ukaifanya mpaka, utaingiza wasiostahili na kuwatoa wanaostahili.

Hakuwa mtu wa kupokea habari kwa kuwa imesemwa na mkubwa. Alikuwa na tafsiri ya Kiarabu ya kitabu cha wanyama cha Aristotle, ambaye anamwita bwana wa mantiki, akakitumia sana. Lakini mara nyingi anasimama na kusema kuwa jambo hili halikuthibiti kwake. Alikwenda kwa wawindaji, wafuga njiwa na wacheza nyoka. Mabaharia aliwasikiliza lakini aliwaogopa kwa kupenda kwao maajabu. Kisa ninachokipenda ni cha nyoka mwenye vichwa viwili, kimoja kila ncha. Alimuuliza Bedui mmoja, naye akaapa kuwa nyoka huyo yupo. Al-Jahiz akataka kujua anatembea kuelekea upande gani, na anakula kwa kinywa kipi. Bedui akajibu kuwa hatembei bali hujiviringisha kama watoto wanavyojiviringisha mchangani, na chakula cha mchana hula kwa kinywa kimoja, cha usiku kwa kingine. Al-Jahiz akaandika kuwa alijua hapo amekutana na mwongo mkubwa kuliko wote. Shahidi hakuanguka kwa sababu ya mapokezi yake, aliangushwa na maswali madogo ya namna jambo lenyewe linavyofanyika.

Sasa tumrudie twiga. Waarabu wa wakati ule walisimulia kuwa uzazi wake ni wa watu watatu: ngamia jike wa mwituni wa Habash, fisi dume, na ng'ombe wa mwituni. Al-Jahiz alitafuta chanzo cha habari hii akakikuta katika lugha. Kwa Kiajemi twiga anaitwa ushtur-gaw-palang, maneno matatu yaliyounganishwa, ngamia, ng'ombe na chui. Watu wakasikia jina wakalifanya kuwa ni habari ya nasaba. Yeye akajibu kuwa Waajemi wanapoita vitu hivi wanataja mfanano tu. Mbuni wanamwita ushtur-murgh, ngamia-ndege, na hakuna mwenye akili aliyesema kuwa ngamia alipanda ndege akazaliwa mbuni. Nyati wa kufugwa wanamwita kwa jina lenye ng'ombe na kondoo ndani yake, na hakuna aliyedai kuwa wazazi wake ni hao wawili. Kwa nini basi twiga peke yake jina lake ligeuke cheti cha kuzaliwa?

Ad-Damiri, mwanazuoni wa Kishafi'i wa Misri aliyefariki mwaka 808 Hijria (1405), anaeleza msimamo wa al-Jahiz katika Hayat al-Hayawan. Kwa maelezo yake, al-Jahiz aliona kauli ya mchanganyiko ni ujinga mkubwa. Twiga ni aina iliyosimama peke yake, kama farasi walivyo aina na punda walivyo aina, na dalili ni kwamba anazaa mfano wake, na jambo hilo limeshuhudiwa. Mwenzetu wa Kidepo hakusema zaidi ya hapa.

Angalia uzito wa dalili hiyo, ndugu msomaji. Baghala anafanana na wazazi wake wote wawili, ana mwili na nguvu na umri mrefu, lakini hazai baghala mwingine. Kila baghala lazima aanzwe upya kwa punda na farasi. Twiga hahitaji mtu mwingine isipokuwa twiga. Wala al-Jahiz hakukataa kuwa machotara wapo. Aliwajua ngamia wa bukhti, wanaotokana na ngamia wa nundu mbili na ngamia wa Kiarabu, na alieleza njiwa waliozalishwa kwa kuchanganya aina, jinsi mtoto anavyochukua kitu kwa baba na kitu kwa mama. Alichokataa ni kumwita mnyama chotara kwa kumtazama tu au kwa kusikia jina lake.

Katika mitandao yetu huzunguka picha zinazosema kuwa al-Jahiz alimtangulia Darwin kwa miaka elfu. Nimezisambaza na mimi, na sasa natubu. Ni kweli aliandika kuwa wanyama wanawindana, mwenye nguvu akimla dhaifu na yeye akiliwa na aliye juu yake, na kwamba ardhi na maji huathiri maumbile ya viumbe. Lakini hakujenga nadharia ya aina moja kutoka katika nyingine kwa njia aliyoijenga Darwin. Pia alikubali, kama watu wengi wa zama zake, kuwa baadhi ya wadudu hutoka tu katika vitu vilivyooza, bila wazazi. Kumvika kanzu isiyo yake si kumheshimu.

Kilicho karibu naye zaidi ni swali lenyewe la aina. Mwaka 1942 mwanabiolojia Ernst Mayr aliandika maana ya spishi ambayo hadi leo inafundishwa kwenye vitivo vya sayansi: kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao katika mazingira yao ya asili, na kutengana kiuzazi na makundi mengine. Wenzetu wa biolojia wataniambia kuwa maana hiyo ina matundu, na mfano wanao karibu sana. Kwa muda mrefu twiga wote walihesabiwa spishi moja. Mwaka 2016 watafiti waliochunguza vinasaba vyao walitangaza kuwa ni spishi nne, na mwaka 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, likakubali hesabu hiyo. Twiga wa asili wa hapa Uganda, walioko Murchison, ni wa spishi ya kaskazini; walioko Serengeti ni spishi nyingine, wa Kimasai. Ukiwaweka pamoja kwenye hifadhi za wanyama wa kufungwa wanaweza kuzaana, lakini porini hawafanyi hivyo isipokuwa kwa nadra. Basi mpaka uko wapi, kwenye uwezo wa kuzaana au kwenye kuzaana kwenyewe? Ningependa sana kumwona al-Jahiz akipewa swali hili.

Kuna sehemu nyingine ya maandishi yake inayotugusa sisi zaidi ya twiga. Ni risala yake ya Fakhr as-Sudan ala al-Bidan, fahari ya watu weusi juu ya weupe. Wakati wake walikuwepo, kama wapo leo, waliosema kuwa weusi ni laana au adhabu iliyoshushwa juu ya kizazi fulani. Al-Jahiz aliwajibu kwa wanyama. Kuna uwanda wa mawe meusi ya volkano huko Hijazi, Harra ya Banu Sulaym. Aliandika kuwa kila kilichoko huko ni cheusi: watu, swala, mbuni, mbweha, punda, farasi, hata ndege na nzi. Akataja chawa, ambaye kwenye nywele nyeusi ni mweusi na kwenye mvi ni mweupe. Ikiwa rangi ni adhabu, swala wa Harra alitenda dhambi gani? Akahitimisha kuwa rangi inatokana na nchi, maji, udongo na ukaribu wa jua, na haina uhusiano na kugeuzwa umbo wala upungufu. Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratur-Rum kuwa tofauti za rangi zetu ni katika ishara zake, na ishara haiwezi kuwa laana.

Si yote aliyosema hapo ni sahihi. Alidai kuwa hata watumwa wa Kirumi waliopelekwa Harra hubadilika rangi baada ya vizazi vitatu, na leo tunajua kuwa rangi ya watu hurithiwa na haibadiliki upesi namna hiyo kwa kukaa mahali. Lakini umoja wa aina aliouona ulikuwa sahihi: tofauti kubwa ya rangi ndani ya aina moja haifanyi aina mbili.

Katika risala hiyo hiyo anawataja Zanj, watu wa pwani yetu, akawagawa pande mbili, Qanbalu na Lanjuya. Wanahistoria wengi wanaona Lanjuya ni Unguja, na Qanbalu ni Pemba au sehemu yake. Anawapa Zanj nafasi ya kuwaambia Waarabu kuwa hawajawaona Zanj wenyewe, wamewaona mateka tu. Hata hivyo katika vitabu vyake vingine, pamoja na hicho cha wanyama, yamo maneno ya kuwadharau Zanj hao hao. Wapo wanaosema risala ile ilikuwa mchezo wa ufasaha. Mimi naona alimaanisha hoja ya rangi, kwa sababu alikuwa na babu wa kuitetea, ila hakuweza kujitoa katika dharau za mji wake kila alipoandika. Hapo Ibn Qutayba anastahiki kusikilizwa.

Khalifa al-Ma'mun alisoma risala zake za uimamu karibu mwaka 200 Hijria akapendezwa, na tangu hapo akawa mtu wa Baghdad na baadaye Samarra, ingawa hakushika kazi ya ofisi. Aliwekwa katika diwani ya waandishi akajiuzulu baada ya siku tatu. Khalifa al-Mutawakkil alitaka awafundishe watoto wake, lakini alipomwona uso alimpa dirhamu 10,000 akamrudisha. Aliishi kwa zawadi za vitabu: Kitab al-Hayawan alikitunuku kwa Ibn az-Zayyat akapata dinari 5,000, na al-Bayan wat-Tabyin kwa Ibn Abi Du'ad, naye akampa kiasi hicho hicho.

Zawadi za wakubwa zina bei. Mwaka 233 Hijria (847) al-Mutawakkil alimwangusha Ibn az-Zayyat, akafia ndani ya tanuri la misumari alilolitengeneza mwenyewe kwa ajili ya kuwatesa wengine. Al-Jahiz alikimbia, alipoulizwa sababu alijibu kwa mzaha kuwa hakutaka kuwa wa pili ndani ya tanuri. Akakamatwa, akapelekwa mbele ya Ibn Abi Du'ad na minyororo shingoni, na ulimi wake ukamwokoa. Akaachiwa, akavikwa nguo safi.

Mwisho alirudi Basra, upande mmoja wa mwili umepooza. Ibn Khallikan anasimulia kuwa upande ule hata ungekatwa kwa mkasi asingesikia, na upande mwingine ulikuwa na joto kiasi cha kupakwa sandali na kafuri. Aliendelea kuandika, na orodha ya vitabu na risala zake inapita 200. Hadithi kuwa aliangukiwa na rundo la vitabu vyake akafa ni tamu, lakini ilikuja baadaye sana. Alifariki Muharram mwaka 255 Hijria, akiwa amepita miaka tisini kwa hesabu ya mwezi. Ramadhani ya mwaka huo huo, watumwa wa Zanj waliokuwa wakichimba chumvi kwenye mabwawa ya kando ya Basra waliasi, na vita vyao vikadumu miaka kumi na minne.

Wiki iliyofuata nilimpelekea mwalimu ukurasa wa ad-Damiri. Aliusoma akiwa amesimama mlangoni, akanirudishia, kisha kwenye ubao akaongeza mstari mmoja chini ya kauli ya as-Subki: anazaa mfano wake.